Vita vya Mavi ya Ndege

Jumatatu, 2 Septemba

Bamvua. Maji yamekupwa mbali. Nimefunga mwani kwenye kamba mpaka bahari iliporudi ikanifika kiunoni. Mgongo hauna hali. Upande wa mwamba mwani umeanza kuwa mweupe nchani, maana yake utaoza.

Kutoka huko, kisimani. Foleni ya ndoo imefika mlango wa msikiti. Pampu ya kijiji mbovu tangu kabla ya Ramadhani, na hiki kisima cha zamani maji yake ni chumvi tupu. Nilipofika wanawake walinyamaza. Kisha Mwanahawa, jirani yangu ukuta kwa ukuta, akasema kwa sauti kwamba mke wa Mwenyekiti apishwe mbele, huenda akamkumbusha mumewe. Wakacheka. Nikaweka ndoo yangu mwisho wa foleni. Wana haki.

Nyumbani nimemkuta kalala. Ni mume wangu, baba wa mwanangu Athumani, lakini siku hizi hata humu ninamoandika peke yangu namwita Mwenyekiti. Uchaguzi wa kijiji unakuja na anajua watamng'oa. Anazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alhamisi, 5 Septemba

Mkutano wa kijiji. Chumvini nzima ilikuja kuuliza pampu. Wengine walikuja na ndoo tupu mkononi, makusudi.

Mwenyekiti kasimama. Hakutaja pampu. Kataja Tewa.

Tewa ni visiwa viwili, Tewa Kubwa na Tewa Ndogo. Kwa boti ya mashine unakwenda asubuhi nzima. Hakuna maji. Hakuna kivuli. Mawe, vichaka vya chumvi, na mavi ya ndege yaliyoganda mpaka kisiwa kinaonekana kimepakwa chokaa. Wanaume wa hapa na wanaume wa Mikokoni, kijiji cha pili baada ya mkono wa bahari, hupiga dago, kambi ya uvuvi, kule msimu wa pweza. Wanalala pamoja, wanagombana kuhusu sufuria, wanarudi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akiuliza Tewa ni ya nani.

Leo imekuwa ya babu zetu. Mwenyekiti kasema watu wa Mikokoni wamewapeleka wageni kule, wageni waliovaa kofia na miwani, na kwamba hoteli itajengwa na sisi tutabaki kuuza mihogo. Kasema damu ya wazee wetu iko kule. Damu gani? Babu yake alikuwa mkata mkonge, bahari aliiona akiwa mtu mzima.

Wakapiga makofi. Mwanahawa kapiga vigelegele. Yule yule. Ndoo yake tupu ilikuwa miguuni pake.

Nimeona kinyaa.

Jumapili, 8 Septemba

Wameondoka. Boti mbili za faiba za kikundi cha vijana. Nahodha wa ile ya kwanza ni Athumani. Ana miaka ishirini na mitatu, anajua bahari, na baba yake hajawahi kumsifu hadharani ila leo. Nilimwona uso ulivyowaka. Ningemzuia vipi?

Wamebeba bendera mbili za taifa zilizonunuliwa Tanga mjini, moja kwa kila kisiwa. Wamebeba mapanga "ya kufyekea". Wamebeba madumu ya maji. Kwa kuwa Tewa haina maji, Mwenyekiti kaagiza kila nyumba itoe dumu. Wanawake walewale wa foleni wametoa. Maji waliyoteka tangu alfajiri yamekwenda kunywewa kwenye jiwe. Na wakaimba.

Mavyaa wangu, mamake Mwenyekiti, alikaa barazani akitafuna tambuu. Aliona boti zikipita, akatema, akasema, "Mwanangu huyu hata akiwa mdogo alikuwa akivunja chungu apate kutazamwa." Ndilo neno pekee la maana nililolisikia leo.

Jumanne, 10 Septemba

Tewa imetekwa. Hivyo ndivyo wanavyosema. Imetekwa, kama kuna aliyeilinda.

Kule walikuwako wavuvi wachache wa Mikokoni wakianika pweza. Vijana wetu wamewafukuza, wamechoma vibanda vyao vya makuti, wamemwaga pweza baharini. Picha zimekuja kwenye simu. Bendera juu ya kijiti. Athumani kakunja mikono kifuani. Nyuma yake moshi.

Katika waliofukuzwa alikuwamo Bakari, mume wa Mwanasiti. Mwanasiti ni shoga yangu. Tulisoma darasa moja, tulivunja ungo mwaka mmoja, kaolewa Mikokoni nami nikabaki hapa. Siku ya harusi yangu Bakari ndiye aliyesimamia masufuria ya pilau, akapakua hadi kwa mgeni wa mwisho, yeye akala ukoko.

Nimempigia Mwanasiti. Hakupokea.

Mwenyekiti anasikiliza sauti za vijana kwenye simu mara kwa mara. Zikiisha anarudia. Anatabasamu peke yake kama bwana harusi. Sijaweza kula naye.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimesikia hotuba ya Ijumaa kwenye kipaza sauti nikiwa uani. Sheikh kasema Muislamu ni ndugu wa Muislamu, na jirani ana haki, hata jirani asiye wa dini yako. Kasema kwa upole, hakutaja Tewa. Wapo waliotoka kabla ya swala. Nimewaona kwa tundu la ua wakivaa ndara zao kwa hasira.

Zahanati iko Mikokoni. Sisi hatuna. Mke wa kijana mmoja kashikwa na uchungu jana, wakaogopa kumpeleka, wakamzungusha barabara ya vumbi hadi zahanati nyingine ya mbali. Kajifungua njiani. Wapo salama, alhamdulillahi. Nimemwambia Mwenyekiti. Kasema mtoto aitwe Tewa.



Jumapili, 15 Septemba

Maulidi ya watoto wa madrasa. Wamesoma vizuri. Kanzu nyeupe, kofia zimewazidi vichwa. Kidogo moyo ulitulia.

Ndipo Mwenyekiti kaomba dakika. Kaongea mpaka wali ukapoa. Kasema vijana walioko Tewa wako katika jihadi. Neno hilo hilo, mbele ya watoto. Sheikh akainamisha kichwa. Hakuna aliyesema kitu. Mimi pia sikusema. Nilikuwa upande wa wanawake, nikikunja upindo wa leso yangu na kuukunjua.

Mwanahawa kaninong'oneza, "Mumeo simba." Juzi alimwita mzoga.

Jumanne, 17 Septemba

Mikokoni wamerudi. Wamekuja na ngalawa nyingi, wameshuka Tewa Ndogo, wamewarushia vijana wetu mawe na vyuma vya pweza. Kijana mmoja wa kwetu kapasuliwa paji la uso. Wameshusha bendera yetu na kupandisha yao.

Bendera ni ile ile. Ya taifa. Kijani, njano, nyeusi, njano, bluu. Wameshusha bendera na kupandisha bendera hiyo hiyo, kisha wakashangilia, na huku kwetu watu wamelia kwamba tumedhalilishwa. Nimecheka kwa sauti. Mwenyekiti kaniuliza nacheka nini. Nimemwambia. Hakunipiga, lakini mkono aliunyanyua.

Sasa Tewa Kubwa ni yetu na Tewa Ndogo ni yao. Katikati maji ya kina cha goti wakati wa kupwa.

Nimempigia tena Mwanasiti. Kapokea, hakusema. Nilisikia kuku na mtu akitwanga. Kisha kakata.

Jumatano, 18 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Mchana. Wali na samaki wa nazi. Nilikuwa nampakulia Mwenyekiti. Simu yake ikaita. Mikono ilikuwa na mchuzi, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaweka sauti ya juu. Alikuwa Athumani. Upepo mwingi. Kule Tewa mtandao unakamatika kwa kuvizia, lazima upande juu ya mwamba.

"Baba, wanakuja. Wako kwenye ngalawa. Tufanyeje?"

"Nyinyi mna mashine, wao wana tanga. Mnaniuliza nini?"

"Wamo watu tunaowajua."

"Pitieni juu yao."

Kisha Athumani, sauti ndogo: "Haya, baba."

Mwenyekiti kavuta sahani. Kasema, "Ongeza ndimu."

Nikaongeza ndimu.

Alasiri vijana wamerudi na boti moja, wanaimba. Athumani hakuimba. Kapita moja kwa moja ndani, kajifunika shuka la kichwa hadi miguu. Nje wanasema ngalawa ya Mikokoni imevunjika vipande viwili. Wanasema hivyo kama wanavyosimulia mpira. Mmoja wa watu wa Mikokoni hajaonekana.

Alhamisi, 19 Septemba

Athumani kasema. Nilikaa chini, mgongo kwenye kitanda chake, nisimwangalie, kwani akitazamwa hasemi. Ndivyo alivyo tangu mdogo.

"Mama, niliona nyuso. Ami Bakari alikuwa mbele. Alinyanyua mkono, hivi, kama mtu anayekuita. Nilidhani watageuza. Baba alisema nipite juu."

"Ukapita."

"Nikapita."

"Mkamtafuta?"

"Tulizunguka mara moja. Wenzangu wakasema tuondoke."

Sikumkumbatia. Niandike hilo pia. Nilinyanyuka nikaenda kuwasha moto, na moto haukuwaka, kuni mbichi, nikawa napuliza na machozi yananitoka, na sikujua ni moshi au ni nini. Nilimchukia mwanangu. Kwa muda, labda hadi maji yalipochemka. Halafu nikampelekea chai. Hakuinywa.

Ijumaa, 20 Septemba

Bakari kapatikana. Wanawake wa mwani wa Mikokoni wamemkuta kwenye mikoko, maji yalipokupwa. Wamemzika leo leo. Kutoka kwetu hakwenda mtu. Kijiji kizima kimejifanya kina kazi.

Adhuhuri polisi wamekuja, kwa gari na kwa boti. Walioko Tewa wameteremka bila neno. Maafisa wa wilaya wameshusha bendera zote mbili, wakazikunja pamoja. Mmoja kauliza, watu wakimsikia, kama kuna aliyewahi kusoma ramani. Tewa si ya Chumvini, si ya Mikokoni. Ni eneo la hifadhi la bahari, hakuna mwenye ruhusa hata ya kupika chai kule. Na wale wageni wenye kofia na miwani? Walikuja kuhesabu ndege.

Vita vimekwisha. Havikumaliza hata mwezi mmoja mwandamo.

Athumani hakukimbia. Alikuwa amekaa barazani amevaa shati lake safi, akanyoosha mikono kabla hawajamwomba.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijawahi kuona uchafu kama wa leo.

Polisi wamemhoji Mwenyekiti ndani ya nyumba yangu. Nilileta chai, nikasimama mlangoni. Kasema hakumtuma mtu. Kasema vijana wa siku hizi hawaambiliki, walichukua boti wenyewe, yeye kama kiongozi alihimiza amani siku zote. Wakamuuliza kuhusu mwanawe. Kafuta macho kwa kona ya kanzu. Macho makavu. Kasema, "Mtoto ukimzaa huzai moyo wake."

Wakaandika. Wakashukuru kwa chai.

Walipotoka nilimuuliza mbele ya mamake. "Baba Athumani, ulimwambia nini kwenye simu?"

"Simu gani?"

"Ya Jumatano. Mkono una mchuzi."

Kamimina chai iliyobaki. "Mama Athumani, nyumba hii ina mlango mmoja. Anayetoka kwa mdomo harudi kwa miguu."

Mavyaa kaacha kutafuna. Hakumtetea. Hakunitetea. Kachukua fimbo yake kaingia chumbani kwake, na nimesikia komeo.

Huyu mtu nimezaa naye. Nimemfulia, nimemkanda miguu alipougua, nimemtetea kisimani. Nikimtazama anavyokoroma naona mdomo tu. Mdomo unaokula.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimetoka kwa miguu yangu. Niko Ngamiani, Tanga mjini, kwa kaka yangu Rajabu, anayetengeneza baiskeli. Mkewe kanitandikia kitanda cha watoto bila kuuliza.

Kaka kauliza. Nimemwambia yote. Kashika spana muda mrefu bila kuitumia. "Zaina, mke hamshitaki mumewe. Hata kama ana haki. Watu watakula nyama yako."

"Wamekwisha kula ya Bakari."

"Na ukisema, Athumani atapona?"

"Hapana. Yeye ndiye aliyeshika usukani."

"Basi unasema kwa faida ya nani?"

Nimekwenda hivyo hivyo, bila jibu. Kituo cha polisi nimesikilizwa na askari mwanamke, Mshambaa, msalaba mdogo shingoni. Kaniita mama. Kaniuliza kama nimelazimishwa na mtu. Nimesema hapana. Nimesema maneno ya simu kama yalivyo. Nilipofika kwenye ndimu nilikwama. Kaniletea maji, kasubiri. Alikuwa akisubiri vizuri, sijui namna nyingine ya kulieleza hilo. Kisha nikasema na ndimu.

Ijumaa, 27 Septemba

Wamemwita Mwenyekiti, wamemlaza ndani, wamemwachia kwa dhamana. Kesi ipo. Simu yake wameizuia.

Kurudi kijijini kapokewa kwa ngoma. Nimetumiwa picha. Mwanahawa yuko mstari wa mbele, leso mpya. Wanasema kapigania ardhi, kasalitiwa na mwanamke. Uchaguzi ukifanyika kesho atapita bila kupingwa.

Mchana imekuja sauti yake kwenye simu yangu, kwa namba ya mtu mwingine. Fupi. Kataja jina langu na la baba yangu, kasema, "Nimekuacha." Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na sahani zikigongana. Kanipa talaka katikati ya chakula.

Nimeisikiliza mara moja. Nimeifuta. Nilingoja nilie, sikulia. Nilihisi kama mtu aliyetolewa mwiba uliokwisha tunga usaha. Unanuka, lakini umetoka.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekwenda mahabusu kumwona Athumani. Kakonda. Wamemnyoa. Tuliongea kwa kupaza sauti, watu wengi, kila mtu anampazia wake.

Kaniuliza kama ni kweli nimesema. Nimesema ni kweli. Nilitegemea anilaumu. Kasema hata yeye kasema, kabla yangu, siku ya kwanza kabisa, lakini aliongeza kwamba baba hakumshika mkono.

"Nilisema mkono ni wangu, mama."

Hapo nilimpenda tena mwanangu. Siyo kama zamani. Kwa namna nzito zaidi, inayouma. Nimempa mikate ya mofa na dawa ya meno. Muda ukaisha.

Njiani kurudi nimepita soko la Ngamiani. Watu wananunua bamia. Hakuna anayejua Tewa ni nini. Muuza nazi kanieleza kuhusu binamu yake wa Maramba na ng'ombe wake aliyezaa pacha. Nimesimama kumsikiliza hadi mwisho. Nilitaka sana kumsikiliza mtu akisema jambo lisilo na adui ndani yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda Mikokoni.

Wifi kanishauri nisiende. Kaka kanishauri niende na mtu. Nimekwenda peke yangu, nimevaa baibui la kawaida, nimebeba mchele na sukari. Vijana waliokaa kwenye gogo wamenitambua. Mmoja kasimama. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wa jarife kasema neno kwa Kidigo, sikulishika lote, na yule kijana kakaa.

"Shikamoo," nimemwambia mzee.

Kachelewa. "Marahaba. Nyumba ni ile ya ukindu mlangoni."

Mwanasiti yuko eda. Chumba cha nyuma, dirisha la kaniki. Kavaa nyeupe. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ngamiani. Yote yamepotea. Nimesema moja tu lililobaki.

"Aliyeshika usukani ni Athumani."

"Najua."

"Na mimi nilikuwapo simu ilipopigwa. Nilisikia. Nikaongeza ndimu."

Hilo alikuwa halijui. Kaniangalia. Sikuyakwepa macho yake. Nje mtoto alikuwa akijifunza kuhesabu kwa sauti, akifika saba anarudi.

Hakunitukana. Nilikuwa tayari kwa matusi, ningeyabeba yote hadi mjini. Kavuta ungo uliokuwa kando yake, una mchele wa jioni. Kausukuma ukawa katikati yetu.

Tumechagua mchele. Mawe upande huu, chuya upande ule. Vidole vyake vina kasi kuliko vyangu, ndivyo ilivyokuwa hata shuleni. Kuna mahali alisita, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akaendelea. Nami nikaendelea.

Adhana ya alasiri ikatukuta ungo umekwisha. Nimesimama. Hakusema njoo tena. Hakusema usije.